Unene wa Karatasi Moja

Kiswahili kimeipa mashine mwili. Chupa ina shingo, msumeno una meno, winchi ina mkono, na treni ina kichwa na mkia. Gia zilipoingia nchini pamoja na mashine za pamba na za reli, neno lenyewe lilibaki la wageni, likalainishwa tu ili lipatane na ulimi. Lakini zile ncha zinazochomoza pembeni mwake hazikungoja kutafutiwa jina. Ziliitwa meno. Aliyeziita hivyo kwanza hajulikani, ila bila shaka alikuwa mtu aliyezitazama kwa makini, kwani meno yana kazi mbili: hushika, na huuma.

Mjini Shinyanga, jirani na njia ya reli, palikuwa na mzee mmoja fundi redio ambaye sifa ya kwanza aliijua maisha yake yote. Ya pili aliijua akiwa amepita miaka sabini, na aliijua kwa kuutazama mkono wa mjukuu wake.

Kibanda cha mzee kilikuwa cha mabati, chenye benchi moja la mbao na rafu zilizosheheni maiti za redio. Baba yake hakuwa fundi redio. Alikuwa mtu wa genge la njia, mmoja wa wale waliotembea juu ya mataruma tangu alfajiri, nyundo begani, wakigonga na kukaza. Njia yenyewe ni ile itokayo Tabora, ikapita Bukene, Isaka na Shinyanga, na kufika Mwanza mwaka 1928, upana wake ukiwa mita moja kati ya reli na reli. Kwa njia hiyo pamba ya Usukuma ilishuka kwenda pwani. Mzee alikulia ndani ya mlio wa treni, na hata uzeeni aliweza kusema, kwa kusikiliza tu, kama kichwa kinavuta mabehewa matupu au yaliyojaa.

Reli hiyo haikuwahi kufika Geita. Dhahabu ya huko ilichimbwa tangu miaka ya 1930. Mgodi wa wakati wa ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya mkubwa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Lakini kijana wa Shinyanga anayekwenda kutafuta riziki huko huenda kwa barabara, na aghalabu haendi kwenye mgodi mkubwa. Huenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, ambako maduara huchimbwa kwa mikono na kushikiliwa kwa magogo, na ambako usiku na mchana husikika mngurumo wa karasha.

Karasha ndiyo iliyompa kazi mjukuu wa mzee. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na bibi yake alikuwa amemwapisha asishuke duarani. Hakushuka. Aliwekwa juu, penye jua na hewa, kuhudumia pipa la chuma linalolazwa kwa ubavu na kuzungushwa. Ndani ya pipa hutiwa mawe yaliyokwisha kupondwa pamoja na gololi za chuma. Pipa likizunguka, gololi hupanda ubavuni, kisha huanguka na kuyasaga mawe mpaka yawe unga. Unga huo ndio unaopelekwa mwaloni kuoshwa. Pembeni mwa pipa kulikuwa na gia kubwa, na kando yake gia ndogo iliyopokea nguvu ya mota kwa mkanda. Gia hizo mbili hazikuwa na kifuniko. Tope lilizirukia, likakauka, likaganda katikati ya meno, na ilikuwa desturi ya mahali pale kulikwangua mashine ikiwa inazunguka, kwa sababu kuizima ni kupoteza muda, na muda ni mifuko ya mawe inayosubiri foleni.

Siku moja ya mwaka 2022 glavu ya kijana ilitangulia kushikwa. Glavu ilikuwa imetolewa ili kulinda mkono. Lakini mbele ya gia, glavu ni ulimi wa nguo unaomwita mtu ndani. Alirudi Shinyanga bila kidole cha shahada na cha kati katika mkono wa kulia.

Vidonda vilipona. Kilichobaki ni kimya. Kijana alikaa kibandani kwa babu yake kutwa nzima, mkono umefichwa mfukoni, akitazama njia. Alikataa kutia ufunguo kwenye kufuli. Alikataa kukata kucha. Cherehani ya jirani ilipoanza kulia, aliinuka na kwenda nje. Mzee hakumwambia neno la kumliwaza, kwa kuwa kila neno alilolijaribu moyoni lilikuwa na sauti ya hotuba. Isitoshe, naye alikuwa na lake. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Aliweza kumtambua mtu mlangoni, lakini waya mwekundu na wa kahawia vilikuwa kitu kimoja kwake, na tone la risasi ya kulehemu alilitafuta kwa kupapasa. Vidole vyake vilikuwa vizima, vyepesi, na havikuwa na macho ya kuviongoza.

Basi mzee akasema anataka kuunda treni.

Hakusema anamtengenezea mjukuu, wala hakusema ni dawa. Alisema ameitaka tangu utotoni, na kwamba sasa haoni vizuri, na kwamba mtu mwenye macho akikaa karibu naye hatamnyima shukrani. Kijana akasogeza kigoda. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya tangu arudi bila kuombwa mara mbili.

Walianza kwa kubishana ni kichwa gani. Mzee alitaka cha mvuke, mfano wa vile vya daraja la 30 vya Reli za Afrika Mashariki, vilivyopewa majina ya makabila. Kimoja chao, nambari 3020, kilichoundwa Glasgow mwaka 1955 na kuitwa Nyaturu, kingali katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Lakini kichwa cha mvuke hakina gia: pistoni husukuma fimbo, na fimbo huzungusha gurudumu moja kwa moja, magurudumu yote ya kuvuta yakifungwa pamoja kwa fimbo nyingine. Kumfichia mnyama huyo mota tumboni, kisha fimbo zote zitembee bila kukwama, ni kazi ya mtu mwenye karakana. Wakakubaliana kuunda kichwa cha dizeli cha daraja la 88, kilichotengenezwa Montreal, Kanada, na kuanza kuletwa katika miaka ya 1970. Aina ambayo kijana mwenyewe alikuwa ameiona.

Kipimo alikipata kijana kwenye simu. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya mjini Nürnberg, Ujerumani, ilianzisha treni za mfano ziitwazo LGB, za kutembea hata bustanini, ambazo reli zake zina nafasi ya milimita 45 kati yake. Mfano ukiwa sehemu moja ya 22.5 ya kitu halisi, milimita 45 ni kama mita moja ya ardhini. Yaani reli ndogo zinazonunuliwa na wazee wa Ulaya kwa ajili ya bustani zao, zikikuzwa, huwa na upana ule ule wa njia ya Tabora na Mwanza. Mzee alilipenda jambo hilo. Alimwomba kijana alisome tena, kisha akakata kijiti cha milimita 45 na kukiweka mfuko wa shati kama mtu anavyoweka kalamu.

Magurudumu waliyapata kwa wasubu sufuria, ambao huyeyusha alumini chakavu na kuimimina katika mchanga. Kipenyo chake kilikuwa sentimita 4. Mota haikuwa na haja ya kutafutwa mbali, kwani rafuni mlikuwa na redio kaseti zaidi ya kumi. Mota ya kaseti ni kikopo kidogo cha duara kilichofungiwa ndani ya bati, na ile waliyoichagua ilikuwa ya volti 9 na mizunguko 2,400 kwa dakika. Watu wa pwani waliokesha na kanda za taarab hawakuwahi kuiona, lakini ndiyo iliyowaimbia. Na hapo pana fumbo dogo. Kanda ya kaseti hutembea polepole mno, sentimita 4.76 tu kwa sekunde, ilhali mota yake huzunguka mara 40 katika sekunde hiyo hiyo. Kilichokuwa kati yao ni mkanda wa mpira na gurudumu zito la kupunguza haraka. Mwimbaji angeunganishwa na mota moja kwa moja, pasingesikika neno, ila mlio wa panya.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kumuunganisha mwimbaji moja kwa moja. Mzee alikuwa na hamu, akavuta ukanda wa mpira kutoka ncha ya mota hadi kwenye ekseli, pande zote zikiwa na unene mmoja, akaweka betri 6 za tochi. Kichwa kilipoinuliwa hewani, magurudumu yalizunguka kwa kishindo hata yakaonekana kama yamesimama. Kilipowekwa chini, hakikusogea. Mota ilinung'unika, ikapata joto, ikanyamaza.

Kijana alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Gurudumu la sentimita 4 husafiri sentimita 12.6 kwa kila mzunguko. Mizunguko 40 kwa sekunde ni mita 5. Kwa kipimo cha treni halisi, ni mwendo wa kilomita 400 kwa saa. Kichwa chao kilikuwa kimeahidiwa mbio ambazo hakuna treni iliyowahi kuzikaribia katika njia ile, na kwa sababu ya ahadi hiyo kikashindwa kwenda hata sentimita moja. Nguvu yote ya mota ilikuwa katika haraka. Haikubaki hata chembe ya kusukuma.

Kazi ya gia ni kubadili kimoja kuwa kingine. Gia ndogo yenye meno 10 ikizungusha kubwa yenye meno 40, kubwa huzunguka mara moja kila ndogo inapozunguka mara nne. Mwendo umegawanywa kwa 4, na nguvu ya kukokota imezidishwa karibu kwa 4, ukitoa kile kinacholiwa na msuguano. Ukipanga hatua mbili za namna hiyo, ni 16. Mota ya mizunguko 40 kwa sekunde huipa ekseli mizunguko miwili na nusu. Treni ya mfano hutembea sentimita 31 kwa sekunde, na kwa kipimo halisi ni kilomita 25 kwa saa. Mzee aliposomewa hesabu hiyo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ndio mwendo aliokuwa akiusikia usiku.

Gia zilitoka katika mashine mbili za kuchapia zilizotupwa na ofisi. Ndani yake mna gia nyeupe za plastiki, nyingine zikiwa pacha, kubwa na ndogo zilizoungana kwenye tundu moja. Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba gia yoyote itashikana na gia yoyote, mradi zote zina meno. La hasha. Meno ya gia mbili lazima yawe na ukubwa mmoja, na ukubwa huo hupimwa kwa kugawa kipenyo cha duara la kazi, pale meno yanapokutania, kwa idadi ya meno. Gia zao zilikuwa na nusu milimita kwa kila jino: yenye meno 10 ilikuwa na kipenyo cha milimita 5, yenye meno 40 milimita 20. Nusu ya jumla yao ni 12.5. Kwa hiyo tundu la ncha ya kwanza na la pili yalitakiwa kuwa milimita 12.5 mbali, si 12, wala si 13.

Kijana alitia alama kwenye kipande cha shaba kwa ncha ya sindano. Mzee akatoboa. Mmoja alikuwa macho na mwingine vidole, na katikati yao yalipita maneno machache tu: kushoto kidogo, hapo, ngoja, endelea.

Mpenzi wa mashairi hataliona jambo hili kuwa geni. Mshororo wa mizani 16 hugawanywa 8 na 8, ukwapi na utao, na silabi moja ikizidi, msomaji hujikwaa. Vivyo hivyo, gia iliyovunjika jino moja haigongi ovyo; hugonga mahali pale pale kila mzunguko, na sikio lililozoea huweza kuhesabu ni jino la ngapi. Tena kati ya ukwapi na utao pana pumziko dogo lisiloandikwa. Ukilifuta, maneno yanabaki yale yale na hesabu haibadiliki, lakini shairi linakosa pumzi. Gia nazo zina pumziko lao, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Gia zikibanwa mno, jino husaga shina la mwenzake, mota hulemewa na plastiki hulika. Zikiachana mno, meno hushikana kwa ncha, nayo hukatika siku treni inapokutana na mzigo. Kati ya kubana na kuachana pana nafasi ndogo ambayo jicho haliipimi. Mafundi wa saa na wa treni za mfano wana hila moja ya zamani: hukata ukanda wa karatasi, hupitisha katikati ya meno, husogeza gia mpaka karatasi ibanwe, hukaza parafujo, kisha huizungusha gia polepole ili karatasi itoke. Nafasi iliyoachwa na karatasi ndiyo nafasi ya gia kupumulia. Karatasi ya kuandikia ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

Mzee alichana ukanda kutoka daftari lake la madeni. Akaushika kwa vidole vyake vizuri, akajaribu kuupitisha, akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Meno ya nusu milimita yalikuwa kwake ukungu mweupe. Akauweka ukanda juu ya benchi, mbele ya mjukuu wake, akawa kimya.

Kijana hakuugusa. Alitazama gia mbili za plastiki, kubwa yake ikiwa na upana wa sarafu, ambazo zisingeweza kumkwaruza hata mtoto mchanga, na jasho likamtoka.

"Babu, izime," alisema.

"Haijawashwa, mjukuu wangu. Betri ziko kwako."

Kweli zilikuwa kwake. Zilikuwa mapajani mwake, sita, alizozitoa mwenyewe kwa kuwa mwenyewe alitaka kuwa na hakika. Alizihesabu. Akazishika chini ya kigoda, mbali. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, kwa sababu wa kushoto ulitakiwa kushikilia gia, akaubana ukanda kati ya kidole gumba na cha pete, akaupeleka. Uliingia. Mzee alikaza parafujo kwa kupapasa. Kijana akaizungusha gia kubwa kwa ukucha, jino moja, jino la pili, na karatasi ikatambaa kutoka upande wa pili ikiwa imepigwa mikunjo midogo yenye nafasi sawa, kama mwandiko.

Mzee aliipokea, akaipitisha kwenye ncha za vidole. "Imelingana," alisema. Alichokuwa akikisoma ni mikunjo.

Kichwa kilitembea siku ya tatu baadaye. Betri zilipangwa juu ya ekseli yenye gia, si kwenye behewa, kwa sababu nguvu ya gia haina faida ikiwa gurudumu linateleza, na uzito ndio unaolifanya gurudumu lishike reli. Vichwa vya kweli hubeba pia masanduku ya mchanga, wa kunyunyiza relini panapoteleza. Kwenye gia walipaka grisi kidogo sana, kwani vumbi la Shinyanga likichanganyika na grisi nyingi huwa msasa. Kichwa kilivuta mabehewa mawili ya makopo ya maziwa kwa mwendo wa mtu anayetembea akiwaza.

Mpangilio huo haukuwa mchezo wa watoto uliobuniwa kuiga ukubwani. Kichwa halisi cha daraja la 88 kimepangwa hivyo hivyo. Watu husema dizeli ndiyo inayovuta, lakini dizeli huzungusha jenereta tu. Umeme wake huteremka hadi kwenye mota zilizofungwa kando ya ekseli, na ncha ya kila mota ina gia ndogo inayozungusha gia kubwa ya ekseli. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwaka huo huo, hazina dizeli hata tone, umeme wao hutoka katika waya wa juu. Hata hivyo chini kabisa, karibu na reli, gia ndogo ingali inaizungusha kubwa.

Karasha nayo ni hivyo hivyo, na hilo kijana ndiye aliyelisema, jioni moja, bila kuulizwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja. Mota ya karasha, alisema, huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, lakini pipa lenye kipenyo cha mita moja haliruhusiwi kupita mizunguko 42. Likipita hapo, gololi hunata ubavuni kwa mbio na hazianguki tena; pipa hupiga kelele, mota hula umeme, na ndani hakuna kinachosagwa. Pipa zuri huenda kama mizunguko 30. Tajiri wake hakuwa akilijua hilo. Kila foleni ya mawe ilipokuwa ndefu, alibadilisha puli ili pipa liende mbio zaidi, na unga ukapungua, naye akazidi kuwakemea vijana.

"Na siku ile?" mzee aliuliza.

"Siku ile lilikuwa likienda mbio, babu."

Hawakuliongeza. Mzee alikuwa ameelewa kwamba mkono ule haukuliwa na meno peke yake. Gia za karasha ziliwekwa pale ili haraka ya mota igeuke kuwa nguvu ya pipa, na mtu mwenye pupa akairudisha haraka kwa mlango wa nyuma.

Kilichobaki kilikuwa umbo la nje. Mzee alitaka ubavu mmoja wa kichwa uachwe wazi, bila bati, ili watu wanaopita kibandani waone gia zikifanya kazi. Alikuwa na haki ya kuzionea fahari; hakuwa ameunda kitu kizuri zaidi ya hicho.

"Samahani, babu," alisema kijana. "Tufunike."

"Nani atajua mna nini ndani?"

"Sisi. Watoto wa jirani wana vidole."

Mzee alinyamaza, kisha akamsogezea mkasi wa bati. Kijana alikata kwa mkono wa kushoto, polepole, akakunja kingo zote ndani ili zisikate mtu, akatoboa tundu moja dogo juu la kupitishia tone la mafuta, pana kiasi cha sindano kuingia na kidole kutoingia. Kifuniko kilikaa. Kutoka nje haikuonekana gia hata moja, wala jino.

Mwezi uliofuata simu ililia kibandani. Alikuwa yule tajiri wa karasha, akisema kazi ipo, na kwamba yaliyopita ni ya Mungu. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Hakukubali wala hakukataa. Aliomba kwanza kujua gia kubwa ya pipa ina kipenyo gani na upana gani, na kama hapo palikuwa na mtu wa kuipima kwa futi. Kisha, akiutazama mkono wake uliokuwa juu ya benchi, akaongeza kwamba apimaye apime mashine ikiwa imezimwa.